Pupil Premium hatua kwa hatua: jinsi shule ya msingi ya England inavyofikisha fedha za nyongeza kwa mtoto

Alhamisi ya kwanza ya Oktoba shule za England hufanya sensa ya wanafunzi. Karani wa shule hutuma serikalini taarifa za watoto wote walioandikishwa, na baadhi yao wana alama inayoonyesha kwamba wanastahili chakula cha mchana cha bure kwa sababu ya kipato cha nyumbani. Kwa mwaka wa fedha 2025–2026, alama hiyo moja huiletea shule ya msingi pauni 1,515 za ruzuku ya serikali iitwayo Pupil Premium. Shule yenye watoto 60 wa namna hiyo hupata pauni 90,900 juu ya bajeti yake ya kawaida.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye bodi ya shule ya msingi. Katika shule ile ile nimeona fedha hizi mwaka mmoja zikimfundisha mtoto kusoma, na mwaka mwingine zikiyeyuka bila mtu kuweza kueleza zimeishia wapi. Mwaka ule mbaya tulianza kikao kwa kusoma bei za programu na vifaa. Mwaka mzuri tulianza kwa kusoma daftari za watoto.

Nawaandikia walimu, wajumbe wa bodi na wazazi wanaozungumza Kiswahili walioko England, pamoja na yeyote anayetaka kujua mpango huu unavyofanya kazi. Nasema England kwa makusudi, kwa sababu Scotland na Wales zina mifuko yao: Pupil Equity Fund kule Scotland na Pupil Development Grant kule Wales, kila mmoja na masharti yake.

Kwanza, fedha hizi ni za nani

Pupil Premium ilianza mwaka 2011, wakati wa serikali ya muungano ya Conservative na Liberal Democrats. Kundi kubwa linaloingiza ruzuku hii ni la watoto waliowahi kustahili chakula cha bure wakati wowote ndani ya miaka 6 iliyopita. Mama akipata kazi nzuri mwaka kesho, mtoto habanduliwi kwenye hesabu siku hiyo hiyo. Nadhani hapo watunga sera walifikiri vizuri, maana madhara ya miaka ya dhiki hayaishi siku mshahara wa kwanza unapoingia.

Lipo kundi la watoto walio chini ya uangalizi wa halmashauri, na la wale waliotoka kwenye uangalizi huo kwa kuasiliwa au kuwekwa chini ya ulezi maalumu. Kwao kiwango cha 2025–2026 ni pauni 2,630. Watoto wa wanajeshi wana pauni 350, na hizo zimekusudiwa zaidi kuwatuliza na kuwasaidia kuzoea, kwa kuwa wazazi wao huhamishwa mara kwa mara au kwenda vitani.

Sasa shika jambo hili, kwa sababu makosa mengi huanzia hapa. Fedha huingia kwa kuhesabu vichwa, lakini hazitoki kwa kugawa kwa vichwa. Mtoto hana akaunti yake ya pauni 1,515, na mzazi hawezi kuzidai anunuliwe kompyuta. Shule inaruhusiwa kuzitumia kwa namna itakayoinua watoto hawa kimasomo, na inaruhusiwa pia kumjumuisha mtoto asiye na alama ambaye uhitaji wake umeonekana, kama vile mtoto mwenye afisa wa ustawi wa jamii au anayemuuguza mzazi nyumbani.

Hatua ya 1: Hakikisha kila anayestahili ameandikishwa

Tangu Septemba 2014 watoto wote wa Reception (darasa la kuanzia shule, kabla ya Mwaka wa 1), Mwaka wa 1 na Mwaka wa 2 katika shule za serikali hula bure, tajiri kwa maskini. Jijini London, tangu Septemba 2023, meya amegharimia chakula hadi Mwaka wa 6. Ni neema kubwa, ila imeleta tatizo. Mzazi hana tena sababu ya kujaza fomu.

Siku moja nilimuuliza mama mmoja getini. "Mwanangu anakula tayari, dada yangu," akanijibu, "nijaze ya nini?" Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba fomu ile haikuwa ya sahani. Nilipomweleza kwamba inaletea shule fedha za kuwafundishia watoto, na kwamba mwanawe hatatajwa mbele ya wenzake, aliijaza akiwa amesimama palepale, karatasi kaiegemeza kwenye kigari cha mtoto.

Kwa kiwango cha 2025–2026, mtoto mmoja aliyeachwa nje kwa miaka 6 ya shule ya msingi ni zaidi ya pauni 9,000 zilizopotea. Kwa hiyo usiisubiri fomu ijilete:

- Ombeni taarifa za kipato kwa kila familia wakati wa kuandikisha mtoto, bila kuchagua. Kila mtu akiulizwa, hakuna anayejiona amenyooshewa kidole.
- Fomu iwe na maelezo mafupi katika lugha za wazazi wenu, na awepo mtu wa kukaa na mzazi asiyeweza kusoma Kiingereza au kutumia intaneti.
- Kamilisheni kabla ya sensa ya Oktoba. Ukichelewa wiki moja, umechelewa mwaka.

Kwa familia zinazopokea Universal Credit, posho ya serikali kwa watu wenye kipato kidogo, kigezo cha ruzuku ni mapato ya kazi yasiyozidi pauni 7,400 kwa mwaka baada ya kodi, bila kuhesabu posho zenyewe. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026 chakula cha bure kitawafikia watoto wa familia zote zinazopokea Universal Credit, lakini fedha za Pupil Premium zitabaki kwenye kigezo cha zamani cha kipato. Chakula na fedha vitaachana njia, na wazazi wataelezwa vizuri au watachanganyikiwa. Jiandaeni kwa maelezo.

Neno moja kwa familia ambazo viza yao haiwaruhusu kupokea posho za serikali: nanyi mnaweza kustahili chakula cha bure mkiwa na kipato kidogo, na shule inaweza kuwaombea ruzuku hii kwa utaratibu wake wa pekee. Chakula cha shule hakihesabiwi kuwa posho iliyokatazwa kwenye viza. Najua watu walioacha kuomba kwa hofu hiyo, na watoto wao ndio walioumia.

Hatua ya 2: Tafuta kinachomkwamisha mtoto darasani

Umaskini si jibu la swali hili. Ukiandika kwenye mpango kwamba "watoto wetu wanatoka katika mazingira magumu", hujampa mwalimu kitu cha kufanya Jumatatu asubuhi. Uliza umaskini huo umegeuka nini ukifika darasani.

Chukua mtoto wa Mwaka wa 3. Anasoma aya nzima kwa sauti bila kukwama, mwalimu anafurahi. Mkalishe, muulize: huyu kwenye hadithi alikuwa "reluctant" (anasitasita), maana yake nini? Kimya. Muulize kwa nini mhusika alirudi nyumbani. Anakusomea tena sentensi ile ile. Mtoto huyu sauti za herufi anazijua. Alichokosa ni msamiati na mazoea ya kuzungumza kuhusu anachosoma. Mwenzake wa meza moja ana alama zile zile kwenye mtihani, ila yeye bado anababaika kuunganisha herufi. Mkiwaweka kwenye kundi moja la "wasomaji dhaifu", mmoja wao atapoteza muda wote, na pengine wote wawili.

Ndiyo maana nasisitiza kusikiliza watoto wakisoma, kufungua daftari, kukaa nyuma ya darasa. Takwimu zinakuonyesha pa kuangalia. England ina vipimo vingi vya kitaifa: jaribio la sauti za herufi la Mwaka wa 1 kila Juni, lenye maneno 40, nusu yake ya kubuni ili mtoto asiweze kukariri, jaribio la jedwali la kuzidisha la Mwaka wa 4 lenye maswali 25, na mitihani ya Mwaka wa 6 mwezi Mei. Tumieni vyote, kisha mkamtazame mtoto mwenyewe.

Angalieni mahudhurio mapema. Mwaka wa shule una siku 190. Mtoto anayekosa asilimia 10 ya vipindi huhesabiwa kuwa mtoro sugu, na asilimia 10 hiyo ni siku 19, karibu wiki nne. Mafunzo ya ziada ya bei yoyote hayamfikii mtoto asiyekuwepo. Tena angalieni siku zenyewe: anayekosa Jumatatu zote ana habari tofauti na anayeugua wiki mbili mfululizo.

Msiwasahau watoto wa kundi hili wanaofanya vizuri. Mtoto maskini aliyeongoza darasa Mwaka wa 2 anaweza kuteleza polepole hadi Mwaka wa 6 bila mtu kushtuka, kwa kuwa bado yuko "kwenye wastani". Fedha hizi ni zake pia.

Mkimaliza, andikeni vikwazo vitatu au vinne, si kumi na viwili. Kila kimoja kiwe cha wazi kiasi kwamba mwalimu akikisoma anamwona mtoto fulani machoni pake.

Hatua ya 3: Anza na ufundishaji wa kila siku

Wizara ya elimu inataka matumizi yafuate maeneo matatu: ufundishaji bora kwa wote, msaada wa kimasomo kwa watoto waliolengwa, na mikakati mipana kama mahudhurio, tabia na ustawi. Shirika la Education Endowment Foundation, lililoanzishwa mwaka 2011 kupima ni njia zipi zinafanya kazi, linaweka ufundishaji mbele, nami nakubaliana nalo kabisa.

Hesabu mwenyewe. Kundi la msaada hukutana dakika 20 kwa siku. Saa zote zilizobaki mtoto yuko na mwalimu wake wa darasa. Kama somo la asubuhi halimwingii, dakika 20 za mchana zinaziba tundu ambalo kesho asubuhi litatoboka tena. Na mtoto wa nyumba yenye uwezo ana mahali pengine pa kujazia: mzazi mwenye muda, vitabu, mwalimu wa kulipwa. Wa kwetu huyu ana shule tu.

Fedha hapa hununua nini? Hununua muda wa watu. Naibu mwalimu mkuu anaondolewa darasani siku moja kwa wiki ili akae na walimu wapya kwenye masomo yao. Walimu wote wanafundishwa programu moja ya sauti za herufi, wakiwemo walimu wasaidizi, ili mtoto asikutane na mbinu tatu tofauti katika jengo moja. Mwalimu analipiwa mtu wa kumshikia darasa akamtazame mwenzake anavyotoa mrejesho. Ukimwonyesha mgeni, hana cha kupiga picha, na kwa sababu hiyo bodi nyingi hulipita eneo hili haraka kutafuta kitu cha kuonekana. Msilipite.

Kuna matumizi yanayovutia ambayo ushahidi wake ni dhaifu kulinganisha na bei. Kupunguza idadi ya watoto darasani ni ghali mno kwa faida ndogo. Kwa upande mwingine, mrejesho mzuri wa mwalimu, kuwafundisha watoto kupanga na kukagua kazi yao wenyewe, na mazungumzo yenye msamiati mpana vimeonekana kuleta maendeleo makubwa kwa gharama ya chini.

Hatua ya 4: Msaada wa ziada, kwa nidhamu

Sehemu kubwa ya fedha hizi huishia kwenye mishahara ya walimu wasaidizi. Mwaka 2009 watafiti wa Institute of Education ya London walitoa matokeo yaliyowashtua wengi: watoto waliopata msaada mwingi zaidi wa walimu wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa hali kama yao. Kosa halikuwa la walimu wasaidizi. Walikuwa wameachiwa watoto wenye shida zaidi, bila mafunzo na bila muda wa kuongea na mwalimu, na wakaishia kuwafanyia watoto kazi badala ya kuwaacha wafikiri.

Wanapopewa mafunzo na programu yenye mpangilio, matokeo hugeuka. Mfano mzuri ni Nuffield Early Language Intervention, programu ya kukuza lugha ya kuzungumza kwa watoto wa Reception. Huchukua wiki 20, na kila wiki kuna vipindi vitatu vya kundi dogo na viwili vya mtoto mmoja mmoja. Nilikaa kwenye kipindi cha namna hiyo. Mwalimu msaidizi ameshika picha, watoto watatu wako kwenye zulia. Hamsahihishi mtoto kwa kumkatiza. Analirudia neno lake ndani ya sentensi ndefu zaidi, anamwangalia, anasubiri. Anasubiri kweli, mpaka wewe mgeni unataka kujibu. Kisha mtoto ambaye mwezi wa Septemba alikuwa akinyoosha kidole tu anatoa sentensi ya maneno sita.

Kabla ya kuanzisha kundi lolote la ziada, jibuni haya:

- Mtoto anakwama wapi hasa, na tumempima lini?
- Atakosa somo gani akitolewa darasani? Akikosa sayansi au muziki kila wiki, mnamlipisha kwa umaskini wake.
- Nani anafundisha, na amefundishwa na nani?
- Mwalimu wa darasa atajuaje kilichofanyika, ili akiendeleze kesho?
- Kundi linaisha lini?

Swali la mwisho ndilo linalorukwa zaidi. Kundi lisilo na tarehe ya kumalizika huwa makazi. Mtoto anaingia Mwaka wa 2 na anatoka Mwaka wa 6, yumo tu.

Hatua ya 5: Yaliyo nje ya somo

Kifungua kinywa cha shule, afisa wa mahudhurio anayegonga mlango, mshauri wa watoto waliofiwa au waliohama hama, nauli ya safari ya masomo, sare, somo la ala ya muziki. Yote yanaruhusiwa, na mengine ni ya lazima kabla mtoto hajaweza kujifunza chochote. Sharti ni moja: kila kimoja kifungwe kwenye kikwazo mlichokiandika katika hatua ya 2. Kifungua kinywa cha kumfanya mtoto fulani afike kabla ya kengele kina maana. Kikifunguliwa na wanaokuja wakawa ni watoto waliokwisha kula nyumbani, mlengwa hajafika. Nendeni mkaulize kwa nini.

Vifaa vya kielektroniki sivipendekezi kuwa kitu cha kwanza. Mwaka wetu mbaya ulikuwa mwaka wa vifaa.

Kwa watoto walio chini ya uangalizi wa halmashauri, fedha husimamiwa na mkuu wa shule pepe (virtual school head), yaani afisa wa halmashauri anayesimamia elimu ya watoto hao popote wanaposoma, na matumizi hufuata mpango binafsi wa elimu wa mtoto. Mwalimu aingie kikao cha mpango huo akiwa na ombi mahususi mkononi. Kwa walioasiliwa au walio kwenye ulezi maalumu, mzazi au mlezi ndiye anayetakiwa kuijulisha shule na kuonyesha hati. Ofisi isipouliza kwa upole, wengi hawasemi.

Hatua ya 6: Igawe na uiandike

Kwa mfano, shule yetu ya pauni 90,900 inaweza kuweka 45,000 kwenye ufundishaji, 30,000 kwenye msaada wa waliolengwa, na 15,900 kwenye mahudhurio na ustawi. Huo ni mfano wa kuanzia mazungumzo. Shule yenye utoro mkubwa itasogeza zaidi kwenye fungu la tatu, na iwe tayari kueleza sababu.

Shule inayopokea ruzuku kwa kawaida hutakiwa kuchapisha taarifa ya mkakati wake kwenye tovuti kufikia tarehe 31 Desemba kila mwaka, kwa kutumia fomu ya wizara. Pangeni kwa miaka mitatu na mpitie kila mwaka. Ufundishaji haubadiliki kwa muhula mmoja. Andikeni kwa lugha ambayo mzazi atakayeifungua kwenye simu ataielewa, na muwe waangalifu na idadi ndogo. Mkisema "watoto wawili wa Mwaka wa 4", kijiji kizima kitawajua.

Hatua ya 7: Fuatilia, na uwe na ujasiri wa kuacha

Wajumbe wa bodi, kazi yenu iko hapa. Msiridhike na jibu la "watoto wamefurahia". Ulizeni mtoto alikuwa wapi, yuko wapi, na mnajuaje. Jihadharini na asilimia: darasa likiwa na watoto sita wa kundi hili, mtoto mmoja ni karibu asilimia 17, na akihama matokeo "yanaporomoka" bila mtu kukosea. Jihadharini pia na pengo kati ya watoto hawa na wenzao wa shuleni, maana pengo linaweza kupungua kwa sababu wenzao wameshuka. Walinganisheni na watoto wa hali kama yao nchini kote, halafu na watoto wengine wote nchini.

Kila muhula chagueni matumizi mamoja mkayaangalie kwa macho. Ombeni kukaa kwenye kundi, mwone daftari za watoto watatu za Septemba na za sasa, mzungumze na mwalimu msaidizi. Mkikuta programu haifanyi kazi, ulizeni kwanza kama ilifanywa inavyotakiwa. Vipindi vitano kwa wiki vilivyogeuka viwili, kwa kuwa mwalimu msaidizi anaitwa kila mara kushika darasa jingine, havikupata nafasi ya kufaulu. Lindeni muda wake kabla ya kuilaumu programu. Ikiwa ilifanywa vizuri na watoto bado wamesimama palepale, ifungeni, hata kama mmeilipia kwa mwaka mzima.

Na mwezi Julai, kabla ya likizo, mwalimu anayemwachia mtoto na anayempokea wakae pamoja na orodha ya watoto hawa, mtoto mmoja mmoja: alichojaribiwa nacho, kilichoshika, kilichoshindikana, nani nyumbani hupokea simu. Ni nusu saa au zaidi kwa kila darasa, na shule iilipie kwa fedha hizi hizi. Wasipokaa, mwalimu mpya atatumia Septemba na Oktoba yote kugundua upya kile ambacho mwenzake wa mlango wa pili anakijua.